Hori la Magadi

Getanuwas,
12 Septemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu unaunga vizuri, na kwamba dada Hilaria hakuchoshi kwa maswali yake. Sisi huku tu wazima. Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako anaipokea yeye, na huweka sauti kubwa.

Ng'ombe wanne wamekufa, pamoja na yule mwenye baka tunayemkamua. Jumanne jioni walirudi kutoka malishoni wakalamba magadi kama kawaida. Haikupita saa moja wakaanza kutetemeka, matumbo yakajaa, povu likawatoka mdomoni. Afisa mifugo alifika kesho yake, akasema ni sumu, akatukataza nyama. Tuliwafukia wote. Mama hali chakula vizuri tangu siku hiyo.

Wazee walikaa kikao. Mzee Bura alikumbusha kwamba wewe na Gidabuday mligombania zamu ya kisima, na kwamba jioni ile alionekana akitoka kwetu. Gidabuday alisema alikuja kuulizia mguu wako, basi. Wamemzuia kunywesha mifugo yake kisimani, na kiangazi cha huku unakijua. Sasa wanasubiri neno lako, wewe mwenye ng'ombe, ili wamlaani.

Baba, usikubali. Ni mimi.

Unajua magadi ya ziwani tunayabeba kwenye viroba vya mbolea. Kiroba cha mbolea iliyobaki ya mahindi kilikuwa stoo palepale, vinafanana. Niliona chembe nyeupe, nikadhani ni magadi, nikamwaga kwenye hori. Afisa aliniuliza kama tuna mbolea nyumbani, nikamjibu hatuna. Niliogopa, na mpaka sasa naogopa.

Gidabuday anajua. Alinikuta nikikung'uta kiroba, na ng'ombe walipoanguka akaelewa. Jana nilimfuata kumwuliza kwa nini amenyamaza. Alinijibu kwamba hawezi kumshtaki binti wa mtu kwenye kikao, baba yake akiwa hayupo. Ndama wake wawili walikuwa wamelala, hawawezi kusimama kwa kiu.

Barua hii ataileta Basili, anayekuja huko. Wazee wanakaa tena Jumapili, nami nitasimama niseme, hata kama jibu lako halijafika. Nisamehe kwa ng'ombe. Kwa Gidabuday sijui nitasamehewa na nani.

Wasalimie dada Hilaria na watoto. Mama anakusalimu, yeye bado sijamwambia.

Ni mimi binti yako,
Fausta