Mpera wa Nyuma ya Zizi

Mama mkwe,

Shikamoo. Najua hutaitikia. Hata ulipokuwa na pumzi zako uliitikia kwa kuchagua, na mimi sikuwa mara nyingi kwenye huo uchaguzi. Nimekuamkia, wajibu wangu nimeumaliza. Wako utamalizana nao huko uliko.

Nakuandikia kwa sababu Jumamosi watu wa jumuiya ya kanisa wanakuja, na wanataka nikupandie mti. Nimeshakataa mara mbili. Kwanza nilisema ardhi bado kavu, halafu nikasema mgongo unauma. Mzee Zefania, mzee wetu wa kanisa, ameanza kunitazama kwa lile jicho analowatazamia watu wanaotumbukiza kifungo cha shati kwenye kapu la sadaka. "Mke wa Yona," ameniambia, "kila marehemu wa kitongoji hiki ana mti kwenye uwanja wako. Hata marehemu wa Kiislamu. Mama mwenye mji hana. Watu watasemaje?" Nikamjibu watasema yale yale wanayosema sasa, ila kwa sauti.

Kwa hiyo kabla ya Jumamosi inabidi tuelewane. Ama upate mti kati ya hii miti, ama ubaki hapo kaburini juani, upepo wa huku Misigiri ukupige vumbi. Uamuzi ni wangu, na najua hilo linakuuma kuliko ugonjwa uliokuondoa.

Unakumbuka nilivyoingia hapa? Yona alinikuta Kilimatinde alipokuja kupaua nyumba za watu, akanileta kwako. Ulinishika mikono, ukaigeuza kama mtu anayenunua jembe. "Kwenu mnalima mawe," ukasema. "Hapa utalima udongo." Nilicheka, nikadhani ni utani wa ukweni. Kumbe ulikuwa unatoa taarifa.

Uwanja wako ulikuwa unang'aa. Kila alfajiri uliufagia mpaka udongo wenyewe unaona aibu. Hapakuwa na mti hata mmoja, ila ule uzio wa manyara. Mchana kivuli kilikuwa kimoja tu, cha ukuta, na hicho ulikikalia wewe.

Mimi sikusomea kilimo. Nilisomea kuangalia. Kwetu, katikati ya hayo mawe uliyoyacheka, niliona tangu mtoto kwamba chini ya mikwaju nyasi hubaki kijani hata kiangazi kikikomaa, kwa sababu majani yanaanguka na hayaondolewi na mtu. Nikajiuliza kwa nini Mungu hafagii. Mengine niliyaokota kwenye redio, na kwa kuchungulia mashamba ya watu nikijifanya natafuta mbuzi aliyepotea. Baadaye sana bwana shamba alikuja akauita msitu wa chakula: mti mrefu juu, chini yake mpapai, chini ya mpapai mbaazi, chini kabisa maboga yanatambaa, na majani yabaki pale yalipoangukia. Nilifurahi kusikia kwamba ujeuri wangu una jina.

Nilianza na miche mitatu ya miembe. Asubuhi yake niliikuta kizingitini kwangu, imelazwa vizuri, mizizi ikitazama mlango. Wewe ulikuwa umekaa unachambua mlenda.

"Mama, miche imeng'oka."

"Haijang'oka. Nimeing'oa."

"Kwa nini, mama?"

"Mahindi panda. Mbaazi panda. Hivyo ni vya msimu, na wewe ni wa msimu. Mti hupandwa na mwenye mji. Mwanamke wa kuja akipanda mti, amekita mguu."

Nilikuja kujua kwamba hukuitunga wewe. Nimeona wajane wa huku wakinyang'anywa mashamba na shemeji zao matanga hayajaisha, na waliosalimika ni wale waliokuwa na kitu cha kuonyesha mbele ya wazee: huu niliupanda mimi, angalieni shina lake. Mti huku kwetu ni shahidi. Na wewe mwenyewe, Yona aliniambia, mama mkwe wako alikung'olea miche mpaka ukaacha. Ulichofanyiwa ulikitunza vizuri sana, mama. Ukanikabidhi kikiwa kizima, hakijatobolewa hata na mdudu.

Basi tukaishi hivyo. Nikipanda, unang'oa. Nikitandaza majani, unafagia na kuchoma. "Majani yanaleta nyoka," ulisema. Nyoka akaja kweli, ukafurahi wiki nzima. Yona nikimwomba aseme neno, ghafla anagundua baiskeli ina hitilafu, anainama hapo mpaka jua linazama.

Sasa nifike mahali ambapo mimi na wewe hatukuwahi kufika.

Mimba yangu iliharibika ikiwa imeshaanza kucheza. Bibi wawili wa jirani walizika nyuma ya nyumba, kama ilivyo desturi, bila matanga, maana hakuna anayekaa matanga ya mtu asiye na jina. Nilipoweza kusimama nikapanda pale mche wa mpera. Sikumwambia mtu ila Yona. Niliona kwamba kama hatapata jina, basi apate hata majani.

Kesho yake shimo la mche lilikuwa wazi. Nilikuja kwako nikiwa bado nimejifunga kanga tumboni. Ulikuwa unapepeta uwele, na hukuacha kupepeta.

"Mama, mche uko wapi?"

"Nimeutupa kwenye samadi, nyuma ya zizi. Wewe tumbo lako lenyewe halishiki mbegu, unataka ardhi yangu ishike?"

Nimeirudia sentensi hiyo miaka yote hii, nikifua, nikisaga, nikiimba kanisani. Kwa haki niseme imetungwa vizuri. Hakuna neno la kupunguza.

Jumuiya walikuja kunipa pole wiki ile. Unajua nilivyokuwa: kanisani nilikuwa nakwenda kama watu wanavyokwenda mnadani, kuona nani amevaa nini. Lakini siku ile nilikuwa nimejiandaa. Walipomaliza wimbo nikatoa mche wa mwembe uliokuwa nyuma ya mlango, nikamwomba mzee Zefania auombee. "Huu ni wa Raheli," nikasema. "Binti wa mama, aliyefariki meno hayajaisha kuota. Mama hana hata kivuli cha kumkumbukia."

Nadhani jina la Raheli halikuwa limetajwa katika uwanja ule tangu alipozikwa. Nikapanda, nikajaza kopo maji, nikakuwekea mkononi. "Mwagilia, mama." Mbele ya watu wote. Ukamwagilia. Ulimwaga mpaka tone la mwisho, nami nilikuangalia, na sikutazama pembeni.

Huo hukuung'oa. Mtu anaweza kumng'oa mkwe, lakini binti yake mwenyewe hawezi kumng'oa mara ya pili. Nilikuwa nimepata uzio usioweza kuuruka. Sikumshukuru Mungu kwa hilo. Nilimtumia, kama mtu anavyotumia miiba.

Kilichofuata sikukipanga. Jumamosi iliyofuata Mama Zuhura alikuja na mche wa mndimu kwenye kopo la rangi. "Mimi na Yesu wenu hatujuani sana," alisema, "lakini marehemu mume wangu alikuwa hali mchuzi bila ndimu. Nimpande wapi?" Mzee Zefania alikuna kichwa muda mrefu, akasema ndimu haina dini. Wakaja wengine. Kila mwenye marehemu na mche wake, na kila Jumamosi ndoo yake. Waimbao waliimba, Mama Zuhura aliomba dua yake pembeni, kisha wote tukala viazi. Tukaweka sharti moja: tunda la marehemu haliuzwi, analila anayepita. Baba yake mzee Zefania, ambaye alipokuwa hai hakumpa mtu hata kijiti cha kiberiti, sasa ni mpapai na analisha nusu ya kitongoji. Watu wengine lazima wafe kwanza ndipo wawe wakarimu.

Miti ikafunika uwanja wako. Ulibaki na fagio na mahali padogo pa kufagia. Chini ya mwembe wa Raheli uliacha majani. Niliona. Nilikusikia pia ukizungumza naye Kinyiramba, na Kinyiramba changu kibovu kilitosha kuelewa: ulikuwa unamwambia tulichopika. Hukumwambia kimepikwa na nani.

Ukaja ule mwaka mbaya. Mvua ilikatika mapema, alizeti ikafia magotini, kisima kikawa kinatoa tope. Nikakata tamaa, nikasema marehemu watakufa tena. Asubuhi moja nikatoka, nikakuta kila shina limelowa. Watu walikuwa wanakuja giza halijaisha, kila mmoja na maji aliyonawia, aliyooshea vyombo, aliyomwogeshea mtoto. Maji machafu, mama, yananuka sabuni. Jumamosi ile mzee Zefania alipofunga sala nikasema amina, nikashtuka, kwa sababu nilikuwa nimemaanisha. Nilimweka Mungu mlangoni anilindie miche, nikageuka nikamkuta amekaa ndani, miguu ameinyoosha.

Lakini kuamini ni kitu kimoja na wewe ni kitu kingine.

Ulipougua nilikuogesha mimi. Nilikulisha uji, nikakugeuza usipate vidonda. Wanajumuiya walinisifu, nikawaacha wanisifu. Siku moja nakupaka mafuta miguuni ukaniuliza, ukitazama dari, "Mimi mtanipandia nini?"

Nikakujibu, "Tutaona, mama."

Kisha ukasema, "Si mpapai. Mpapai unakufa upesi."

Hilo ndilo lilikuwa ombi lako la mwisho kwangu, na nililiacha likining'inia kama nguo kwenye kamba. Najua ulikuwa unasubiri. Nilikuona ukisubiri mpaka ukafa. Siku zile za mwisho ulikuwa unataka ubebwe nje ukae juani, na ukikaa unageukia zizi la mbuzi. Nikadhani akili imeanza kutoka.

Matanga yalipoanuliwa, Mama Zuhura alinikuta nasugua sufuria za wageni.

"Sasa ule mpera atamwagilia nani?"

"Mpera gani?"

"Wa nyuma ya zizi. Si bibi alikuwa anaumwagilia kila akioga? Na ile miiba aliizungushia yeye, mbuzi wasile. Mimi nilijua mmepatana."

Tangu siku ile ya uwele sikuwa nimekanyaga nyuma ya zizi. Samadi alikuwa anatoa Yona. Mimi ninayejisifu kuangalia nilikuwa naona kilele cha mti kule nyuma na kukiita kichaka. Nikaenda. Mama, umenenepa ule mpera. Mkono hauzunguki shina. Ulioutupa na kidonge chake cha udongo ulishika kwenye samadi, na miiba imepangwa kuuzunguka kwa mkono wa mtu, mipya juu ya mizee, ya miaka na miaka. Mapera yamejaa. Mengi yana funza, lakini yamejaa.

Jumuiya walipoambiwa walilia. "Alitubu," wanasema. "Alitubu kwa siri, mke wa Yona, mpandie mtu mti wake." Mzee Zefania ameshatafuta na neno la kusoma.

Mimi nimesimama pale nikaona kitu kingine. Miche yangu uliyoing'oa ilikuwa mingi, na yote uliiacha ikauka. Huu tu ndio uliouwekea miiba. Miaka yote nilikuwa nimejibembeleza kwamba hukujua ule mche ulikuwa wa nani. Nilikuachia mlango huo mdogo ili niweze kula na wewe sahani moja. Sasa umeufunga mwenyewe. Mtu hazungushii miiba mche asioujua. Ulijua tangu asubuhi ile, na ulijua uliposema lile neno huku unapepeta. Kila kopo la maji uliyomwaga pale linatoa ushahidi, mama, na halikutetei.

Kwa hiyo nimeamua, na hii ndiyo taarifa.

Jumamosi hakuna shimo litakalochimbwa. Sikupandii mwembe kando ya Raheli. Nitawapeleka wote nyuma ya zizi, kwenye mavi ya mbuzi, wavue viatu wakitaka. Pale nitawaambia kwamba huu ni mti wa mwanangu, na kwamba bibi yake atakumbukwa kwa mti huo huo pamoja naye, maana aliupanda kwa kuutupa. Mzee Zefania asome neno lake. Mama Zuhura aombe dua yake. Maji nitamwaga mimi, na nitayamwaga kila jioni, kwa sababu mti hauna kosa, na kwa sababu siku hizi naomba, na ukishaanza kuomba kuna mambo hayawezekani tena, hata yale matamu.

Mtakuwa wawili hapo. Yeye hajui wewe ni nani. Sikuwahi kumwambia, na sitamwambia. Utajitambulisha mwenyewe. Anza na asubuhi ile ya uwele, halafu mengine yatafuata.

Ni mimi mkweo,
yule wa Kilimatinde, wa msimu.