Siku ya Kuanua Karafuu

Kengeja, Pemba. Alhamisi, 1937.

Leo mbingu imeamka imenuna, nami vilevile. Likizo yangu ya kazi ya reli inayoyoma, na Mwanaisha wangu chakula bado anakichungulia tu.

Mombasa kila mtu alinionya: usimtajie mtoto, utamtonesha kidonda. Basi mimi, mtu wa maneno kama kasuku, tangu tumzike binti yetu sijalitaja jina lake. Wala yeye. Tukavuka maji, tukapanga chumba huku tusikojulikana, nikidhani ukimya utamponya.

Kumbe ukimya wenyewe tumekuja nao.

Asubuhi nilimtoa tutembee. Mji mdogo: msikiti, duka la Mhindi lenye mafuta ya taa na kanga, mihogo nyuma ya nyumba. Kila kiwanja kina majamvi ya karafuu zilizoanikwa, unapita pembeni usije ukakanyaga riziki ya watu. Na kila mlango salamu: mmeamkaje, wa nyumbani hawajambo? Nikajibu mimi, kwa niaba ya wawili.

Tulipofika kwa Bi Mize, mama mmoja wa sauti nene, tone la kwanza likaniangukia juu ya hili pua langu kubwa. Yallah! Mji mzima ukatoka mbio. Karafuu ikilowa imeharibika, na wanaume wako mashambani wanachuma. Bi Mize hakuuliza sisi kina nani.

"Wee mwanamke, shika ncha hiyo! Anua!"

Nikafungua mdomo niseme mke wangu hajiwezi. Lo, Mwanaisha keshainama, kashika jamvi, buibui limemwanguka mabegani! Wakaanua yote, wakaingiza ndani mvua ikimiminika. Mimi nilipewa gunia nilishike, nikalishika vibaya, nikafokewa.

Kisha wanawake wakakaa ndani kuchambua karafuu mbichi, kuzitoa vikonyo. Mimi nikaachwa barazani na kikombe cha kahawa, dirisha liko wazi. Ndipo nikamsikia Bi Mize:

"Una wana wangapi, mwanangu?"

Nikasimama nikamwokoe.

"Mmoja," alisema Mwanaisha. "Zena. Alitangulia."

"Inna lillahi," wakaitika. Bi Mize akasema, "Wangu wawili wako huko huko. Haya, sogea, hili fungu lako." Mikono haikusimama. Mmoja akauliza mtoto alifanana na nani.

"Na babake. Pua hiyo, maskini ya Mungu!"

Wakacheka. Naye akacheka, mke wangu, kile kicheko chake cha kukwama kooni. Nililia barazani juu ya kahawa ya watu, na sioni haya kulisema.

Wakala muhogo wa nazi, sinia moja. Alikula mpaka Bi Mize akamtania kwamba nimemleta na njaa ya Mombasa nzima.

Tulirudi mvua imekatika. Vidole vyake vinanukia karafuu. Kesho anarudi kuchambua. Mimi nimeambiwa nibaki nyumbani, gunia limenishinda.

Njia nzima nilikuwa na neno kooni. Karibu na mlango likatoka.

"Kweli Zena alikuwa na pua langu?"

"Lote," akasema. Akanishika mkono, akauficha chini ya buibui watu wasituone.