Kadzo, Karatasi ya Mama Ninayo Mimi

Tangawizi wangu weye,

Usishtuke kuona jina hilo. Najua huko chuo cha Biblia wakuita Dada Kadzo, na huyo Mercy akuita "Kadzo mpenzi", nimeona alivyoandika nyuma ya picha. Lakini Tangawizi nilikupa mimi na simuazimi mtu. Barua hii nampa mke wa mchungaji, asafiri kesho kuja huko, na sikuitia gundi. Akitaka aisome njiani. Wasome wote bwenini kwenu, msomee na Mercy mwenyewe. Sina la kuficha. Nina wivu. Haya, nimesema, tuendelee.

Wakumbuka ilivyoanza? Nilikuwa nauza vinyago pale kibandani karibu na Ngome ya Yesu, wakapita wale vijana wawili wa Kizungu, mashati meupe, tai, kibandiko cheusi chenye jina kifuani. Mimi na kiherehere changu, na Kiingereza changu cha kujifunza mwenyewe, nikawaita waje wanunue kifaru. Kifaru hawakununua. Wakaniuliza kama nataka kujua vipi familia yangu itakaa pamoja milele. Nikawaambia, "Ngojeni hapo hapo, nimlete dada yangu." Hilo ndilo lilikuwa jibu langu, Kadzo. Sikuuliza habari za Mungu, sikuuliza habari za nabii wao. Nilikimbia mpaka nyumbani kuuliza wewe uko wapi.

Mama alikuwa hajamaliza mwaka kaburini Kaloleni. Baba kashaoa mwengine, na sisi tumepanga kile chumba cha juu kwa Bi Zuhura, Kibokoni, wewe na cherehani yako, mimi na vitabu vyangu vya mtumba, kitanda kimoja. Basi wale vijana wakawa waja kila Alhamisi. Kanisani kwao waitwa Wazee, na wana miaka sawa na mimi! Bi Zuhura akiwafungulia mlango acheka mpaka ashike ukuta.

"Kadzo we! Wageni wenu wamefika. Huyu naye ati ni Mzee. Mzee gani hata ndevu hana?"

Na kwa ukarimu wake akawapandishia kahawa na halua. Halua wakala. Kahawa wakasema la, asante, dini yao haiwaruhusu, wala chai. Bi Zuhura akashuka ngazi anung'unika, "Hawanywi kahawa, hawanywi chai! Sasa hawa wakifiwa wanywa nini?"

Tukawa Wamormoni. Tulibatizwa baharini asubuhi, maji yamejaa, tumevaa nguo nyeupe ulizoshona wewe, kitambaa kimoja, mshono mmoja, yako na yangu hazina tofauti ila urefu. Maisha yetu yote ulinishonea hivyo, Krismasi, harusi, mazishi ya Mama. Watu wa Kibokoni walikuwa watujua kwa nguo. Akipita mmoja peke yake, aulizwa, mwenzio yuwapi?

Na wewe uliyekuwa hufungui macho sawasawa mpaka unywe chai, ukaacha chai. Siku ya tatu kichwa kikakuuma hata tundu la sindano hukuliona. Ukatwanga tangawizi, ukachemsha na sukari tupu bila majani, ukanimiminia kikombe. Nikakwambia, "Dada, hii si chai, hii ni dawa ya kifua." Ukacheka mpaka ikakutoka puani. Ndipo nikakuita Tangawizi. Hakuna mwengine aliyekuwepo. Mercy alikuwa hata Mombasa haijui.

Kisha ikaja karatasi.

Jumapili moja baada ya ibada yao, kule Tudor, kwenye ile nyumba ya kukodi yenye viti vya plastiki, wakatupa karatasi kubwa ya ukoo, ina mistari imegawanyika kama matawi. Wakatwambia, liko hekalu huko Afrika Kusini, na mtu akifika humo afungwa pamoja na wazazi wake, walio hai na waliokufa, wasitengane tena. Lakini majina yaandikwe kwanza. Tukajaza kwa penseli usiku na mchana. Tukampelekea Mzee mmoja kati ya wale wawili, yule mwenye madoadoa usoni. Akatizama, akakunja uso.

"Hapa mmekosea. Karisa ni baba yenu. Huyu Karisa mwengine juu?"

"Huyo ni baba yake babu," ukasema.

"Na Charo mara mbili? Na Kadzo? Kadzo si ni wewe?"

"Huyo ni nyanya yetu."

"Jina lile lile?"

"Ndiye mimi," ukamwambia. "Nimerudi."

Maskini, hakuelewa kwamba kwetu majina huzunguka, mjukuu humrudisha babu. Aliona tumenakili vibaya. Akachukua raba akafuta nusu ya watu wetu! Ulingoja ageuke, ukatoa kalamu ya wino, ukawarudisha wote mmoja mmoja, wabonyeza mpaka karatasi ikatoboka kwenye herufi ya K. Ukamaliza na Mama, Kache, ukampigia mstari. Na chini kabisa ukaandika Kadzo, ukaandika Dama, ukatuunganisha. Halafu ukaninong'oneza, "Sasa afute hiyo."

Mimi nililala na hilo, niliamka na hilo. Kitabu chao cha jalada la buluu nilikisoma na kamusi ubavuni, na nakwambia kweli, kurasa nyingi sikuzielewa, na mengine niliyoyaelewa yalinishinda kuamini. Lakini ile karatasi niliielewa. Wewe, mimi na Mama, milele, hakuna wa kutoka.

Ukatoka wewe.

Akaja Mercy pale dukani ulikokuwa washona, mtu wa bara, mrefu, meno mazuri, "Bwana asifiwe!" hata kwa mteja aliyekuja kudai suruali yake iliyochelewa. Akaanza kukuchukua maombi ya walokole ya saa sita. Mwanzo ulikuwa wanihadithia. Halafu ukawa huhadithii, warudi tu waimba nyimbo nisizozijua, na nikikuuliza maneno yake wasema, "Utazijua, Dama, ngoja." Nilingoja nini? Nilikuwa sijawahi kungoja wimbo wako hata mmoja.

Siku uliyokunywa chai naikumbuka vizuri kuliko siku niliyobatizwa. Nimerudi kutoka kibandani, nakuta sufuria yanukia majani kabisa, maziwa, iliki, kila kitu. Umekaa kitandani na kikombe.

"Umekunywa!"

"Nimekunywa."

"Dada, tuliahidi."

"Dama, kaa. Kule nilikuwa nahesabu kila siku nimefanya nini, sijafanya nini, nimestahili, sijastahili. Nilichoka, mdogo wangu. Huku nimeambiwa yote yashafanywa msalabani. Nilipolisikia hilo nililala usiku mzima, mara ya kwanza tangu Mama afe."

"Na Mama je? Na karatasi?"

Ukaweka kikombe chini. "Mama yuko mikononi mwa Mungu. Siwezi kumfunga kwa karatasi."

Ulisema kweli, najua leo. Lakini siku hiyo sikusikia habari za Mama. Nilisikia kwamba na mimi nimefunguliwa.

Ukanialika hemani, ulikokuwa wasali na Mercy, kule Tononoka, nije nisikie ushuhuda wako. Nikaja. Nilivaa ile nguo nyeupe nikidhani na wewe utaivaa. Ulivaa ya buluu. Ukasimama mbele, kipaza sauti mkononi.

"Nilikuwa gizani," ukasema.

"Asifiwe!"

"Nilikuwa nimepotea, niko peke yangu."

"Yesu!"

"Mungu akanionea huruma, akanipa dada!" Ukamshika Mercy mkono, ukamwinua, mkakumbatiana, watu wakapiga vigelegele.

Peke yako, Kadzo? Chumba kimoja, kitanda kimoja, ni nani aliyekuwa akilala upande wa ukutani? Na mama mmoja niliyekaa naye benchi akanigusa, macho yamemjaa machozi ya furaha: "Waone walivyofanana! Utasema wametoka tumbo moja." Nikamjibu, "Sana."

Baada ya ibada ulinionyesha debe nje ya hema, lenye jivu. Yeyote atokaye dini nyengine, siku ya kushuhudia, vitu vya huko alikotoka vyachomwa humo. Ukaniambia umechoma vyote, kitabu, vijarida, karatasi. "Vyote?" nikauliza. Ukasema vyote. Sikukusemesha siku nne, na wewe wajua mimi hata saa moja kunyamaza ni ugonjwa.

Mwezi ule ule mkaenda chuoni nyote wawili. Cherehani ukaniachia.

Halafu ikaja picha. Wewe na yeye, mbele ya miti isiyo ya kwetu, mmevaa sare. Kitenge cha njano, mshono wa mabega ule ule ulionishonea mimi Krismasi ya mwisho ya Mama, pindo lile lile. Niliiangalia nikaitia ndani ya kamusi, nikaitoa, nikaitia tena. Bi Zuhura akaiona akasema, "Mashallah, yapendeza," kisha akaniona uso, akasema, "Ah, si sana."

Sasa nikwambie nililofanya, na usinicheke. Jumapili iliyofuata ile picha nilivaa ile nguo nyeupe, nikaenda hemani kwenu, nikakaa mbele kabisa. Mchungaji alipoita wanaotaka kuokoka, nilikuwa wa kwanza kusimama, hata hajamaliza kuita. Siwezi kukudanganya. Sikumwendea Yesu. Niliona tu kwamba wewe uko upande ule, na Mercy yuko upande ule, na mimi niko huku, na kuna mlango, nikakimbia. Kama siku ya vijana wa kifaru, kitu kile kile.

Mchungaji akaniwekea mkono kichwani, akaniuliza, "Dada, umemjia Yesu?" Nikasema ndiyo. Wakaniombea. Nikafumba macho nikaanza kumwambia Mungu, kimoyomoyo, huo ni uongo, mimi nimemfuata dada yangu, namchukia huyo Mercy na meno yake, na wewe Mungu umempa Kadzo dada, na dada alikuwa naye tayari, kwa nini? Nikalia kamasi. Na Kadzo, hapo sasa sijui niseme vipi. Sikusikia sauti. Sikuanguka kama wengine. Lakini nilikuwa nimeshamwambia yote, yale mabaya kabisa, na hakuniondokea. Nilingoja aniondokee. Nilitembea kwa miguu kutoka Tononoka mpaka Kibokoni nikingoja, na nilipofika ngazini kwa Bi Zuhura bado alikuwepo. Nikapika chai, kamili, na majani, nikainywa, nikalala.

Wivu haukwisha. Nauandika hapa hapa na bado wanichoma. Lakini ninaomba kila siku sasa, wala simuombi mtu ruhusa.

Nikarudi kibandani, nikarudi hemani, wiki zikapita, na leo mchungaji ametangaza mbele ya watu wote: Jumapili ijayo Dada Dama atashuhudia, mdogo wake Dada Kadzo, alete na vitu vyake vya kale. Wakapiga makofi. Wanangoja nisimame niseme nilikuwa gizani. Na mimi nikifumba macho kutafuta hilo giza naona wewe wacheka tangawizi yakutoka puani.

Bado ningejitahidi, wallahi ningejitahidi. Kitabu cha buluu nitakitoa, sina haja nacho tena, moyo wangu haumo. Lakini leo nikatafuta sindano kwenye droo ya cherehani yako. Nyuma kabisa, chini ya vifungo, mna kitambaa cheupe kilichobaki cha nguo zetu za ubatizo, kimekunjwa mara nne. Ndani yake, karatasi. Karisa na Karisa, Charo na Charo, nyanya Kadzo, Mama na mstari wake, lile tobo kwenye K. Na chini kabisa sisi wawili.

Ulisema vyote.

Nimekaa nayo juu ya goti mpaka Bi Zuhura kaniuliza nani amekufa. Nikasema hapana mtu. Niliona nikukasirikie, nikashindwa. Siku ile ulisimama hemani mbele ya Mercy, debe liko nje, ukawaambia ulikuwa peke yako, na nyumbani umetuficha chini ya vifungo. Kumbe na wewe hukuweza kutuacha.

Mke wa mchungaji arudi Jumamosi. Jibu mpe yeye, na litie gundi, hilo nataka liwe langu peke yangu. Sitaki aya, aya nitajitafutia, nasoma vizuri kuliko wewe. Jumapili nitaitwa nisimame. Debe litawaka nje ya hema. Niseme kwamba nililetwa na wivu, au niseme ya giza? Na hii karatasi, niende nayo au niirudishe droo? Niambie kama dada, usiniambie kama mtumishi: ungekuwa ni wewe tena, ungefanyaje?

Ni mimi, yule wa upande wa ukutani,
mdogo wako wa tumbo moja,
Dama