Uzi wa Tatu

Voi, Ijumaa usiku

Nimeubadilisha tena. Kesho tunamzika ndugu yangu Mwakio kule Mghange, na mimi ndiye nitakayepiga gitaa lake la pedali, lile la kulazwa ambalo ukikanyaga pedali uzi hukazwa na sauti hupanda. Uzi wa tatu ni mwembamba kuliko zote na hukatika ovyo. Kwa hivyo mchana nilifunga mnene kidogo, nisije nikaaibika kaburini.

Nilipokanyaga pedali, sauti ilipanda, ikakwama kabla ya kufika kwenye noti ya juu; uzi mnene haukazwi hadi huko.

Mama akasema kutoka jikoni, "Ndugu yako alikuwa anafika hapo."

Niliudhika. Kisha nikaufungua, nikarudisha ule mwembamba.

Naogopa, sitaficha. Lakini hata Mwakio mwenyewe uzi huu ulikuwa ukimkatikia kanisani kila Pasaka, na sikumbuki hata mara moja watu wakiacha kuimba.