Kifungo cha Koti na Madebe Matano

Iyunga, Mbeya
Juni, 1957

Ambokile, ndugu yangu,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia, wewe na wote waliolala huko pamoja nawe, kwamba kifungo cha tatu cha koti lako la jeshi kimepatikana. Kilikuwa chini ya pipa la dawa ya josho la ng'ombe, katikati ya mavi ya panya, kikiwa na afya njema. Hakuna aliyepiga ngoma. Nilikiokota mwenyewe, nikakifuta kwenye suruali, kisha nikakaa juu ya debe kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

Nitakueleza kwa nini. Lakini unanijua mimi Mhehe wako: nikitumwa kuni, husalimia kwanza majirani wote. Subiri kidogo.

Stoo yetu ya madawa na molasi ipo. Bwana Stoo naye yupo, bado anapiga chafya kila tukifungua gunia la pareto. Mimi tumbo limeongezeka na nywele zimepungua; mke wangu anasema hazikupotea, zimehama tu. Kazi ndiyo iliyobadilika. Siku hizi kila debe la sumu linapigwa mkanda wa rangi nyekundu, na lebo yenye fuvu haibandikwi mpaka debe limejaa na kufunikwa. Jaza kwanza, bandika baadaye. Maneno yako yaleyale, uliyonichosha nayo kila asubuhi nikikoroga uji wa ngano wa kubandikia. Nami nilikuwa nakujibu, "Uji huu ukipoa kwa baridi hii utabandika nini? Pua yako?" Siku moja uliuonja, ukasema ni mtamu kuliko ugali wa kwetu Iringa. Nilinuna mpaka saa sita.

Wageni wakija, Bwana Stoo hunionyesha mimi: huyu ndiye mwenye utaratibu wa mkanda mwekundu. Nami nainamisha kichwa kama bibi harusi.

Na jina lako, je? Hapo kalamu inakuwa nzito. Jina lako limo katika kitabu cha makosa, mbele ya yale madebe matano. Kila mtu hapa anajua hivyo. Jumapili moja Mama Tumaini wako alinisimamisha mlangoni pa kanisa. Akaniuliza, "Shemeji, kweli baba Tumaini alikuwa mzembe? Huko kisimani wanasema karibu aue watu." Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia mwaka huu baridi imewahi.

Mke wako, Ambokile. Nikamweleza habari za baridi.

Sasa kile kifungo.

Juma lile zamu ya lebo ilikuwa yako, jina lako ubaoni. Ijumaa Bwana Stoo alikuwa safarini Chunya, nawe ukaninong'oneza kwamba unakimbia Tukuyu, mtoto wa dada yako anabatizwa. Nikakwambia nenda, nitakushikia. Ukaniachia na koti, kwa ajili ya hiki kifua changu kinachopiga filimbi.

Uji ulikuwa umeiva, vidole vimekufa ganzi. Nikaona ujinga kungoja. Nikabandika madebe yote yakiwa matupu: matano ya molasi ya ng'ombe, matano ya dawa ya josho. Kisha nikaenda kuota moto. Niliporudi kujaza nilikuwa na haraka, na pua imeziba kwa mafua. Madebe yalikuwa yamenipa mgongo, sikuyageuza nione lebo. Molasi nyeusi, dawa nyeusi. Nikajaza huku cha kule.

Jumatatu Bwana Stoo akafungua debe lenye fuvu, akakuta molasi. Yale mengine matano, yenye sumu ndani na molasi kwenye lebo, yalikwisha kupanda lori la Iringa tangu Jumamosi. Akasimama mbele ya ubao akauliza, "Zamu ilikuwa ya nani?"

Nilikuwa kando ya mapipa, ndani ya koti lako, nakisokota kifungo. Nikafungua mdomo. Naapa niliufungua. Wewe ukanitazama usoni, ukakitazama kifua changu, ukasema, "Ya kwangu. Nitayafuata mimi."

Kifungo kikakatika, kikabingirika chini ya pipa. Nami nikafunga mdomo.

Lori jingine la Iringa lilikuwa linaunguruma nje. Ulipanda juu ya magunia kwa shati. Kwa shati, mwezi wa Juni kama huu, mpaka Iringa! Nilijiambia nitakuletea koti hapo mlangoni. Lori likaondoka bado najiambia.

Manne uliyakuta Iringa. La tano lilikwisha kwenda na mpika pombe mmoja, mama wa Ruaha Mbuyuni, nawe ukalifuata hadi jikoni kwake, ukalikuta kifuniko kimeng'olewa na kata iko mkononi. Haya ulinisimulia ukiwa kitandani, ukikohoa kila neno la pili. "Alinitukana yule mama! Ameniita mwizi wa molasi. Lakini ni mzima." Ukacheka, kikohozi kikakupokonya kicheko.

Siku ya nne kichomi kikakuchukua. Hukunilaumu hata kwa jicho. Nilikuwa nimeketi kando yako, nimelivaa lile koti, na bado sikusema kitu.

Ndiyo hivyo ilivyokuwa. Hakuna kingine. Mimi nilibandika, mimi nilijaza, mimi nilinyamaza, na mimi ndiye niliyekuwa na joto.

Kifungo nimekishona leo mchana. Kimekaa upande, ungenicheka. Kesho kabla ya ibada nitampelekea Mama Tumaini koti, na nitamwambia yote kama nilivyokuandikia, bila kuitaja baridi. Jumatatu nitasimama mbele ya ubao, nimwombe Bwana Stoo akate jina lako kitabuni na aandike langu, wenzetu wote wakiona. Akinifukuza, sawa. Nakuahidi sitafunga mdomo mara ya pili.

Ugonile, umelalaje, kama mnavyosalimiana kwenu asubuhi. Sikungoji unijibu.

Petro wako