Niliwaambia Una Watoto Watatu

Ekiru, mjukuu wangu,

Ni miguu iliyokatika ama ni aibu? Mvua imenyesha ikapita, mbuzi wamezaa, na wale waliozaliwa wamezaa pia, wewe bado uko Kanada. Siku hizi hata simu hupigi. Watu wakinisalimia "Ejok, hujambo, Ata wa Ekiru, mjukuu yuko wapi?" nawaambia anachomelea vyuma kwenye barafu. Lakini najua. Umenikasirikia. Haya, kasirika, lakini unisikilize.

Mtu wa ile ofisi ya makaratasi yako ndiye aliyenipigia, na mkalimani wake. Akauliza kama una mke. Nikasema hana, na ananiaibisha. Je, ana watoto? Nikasema anao, watatu, na wanakula kama nzige, Mungu awabariki. Nilisema nikicheka. Ulitaka niseme nini?

Ulikuwepo tulipomzika ndugu yako Ewoi, aliyeumwa na nyoka akipeleka mbuzi Lokiriama. Watoto wake watatu walikaa pale kama vifaranga waliomwagiwa maji. Wazee hawajasema lolote, wewe ukachukua kiti chake kidogo cha mbao, kile alichokuwa akikalia mchana na kulazia kichwa usiku, ukakaa. Ukamwita Akai, yule mkubwa, ukamwambia, "Mimi ndiye baba sasa. Ukisikia njaa, njoo kwangu." Nani alikutuma? Hakuna. Na kwetu, mtu akishakalia kiti kile, maneno yameisha.

Ni kwa ajili yao uliacha mbuzi ukaenda kambini Kakuma kwa yule fundi Mkongo akufundishe kuchomelea. Nilikuja kukuona nikakuta macho yamevimba, mekundu kama pilipili kwa ule moto, naye anakupigia kelele, "Weye mutoto, vaa miwani! Ukipofuka nitakufundisha kazi gani, ya kuomba?" Nikakutilia maziwa machoni. Ulilia, lakini ukasema hutaacha, Akai lazima aende shule. Milango mingi ya maduka hapa ni kazi ya mikono yako. Nikipita naigusa.

Halafu, ofisi ilipokwisha kunipigia, ukaja na ile simu yako. "Ata, umenimaliza! Mimi niliandika sina mtoto. Sasa wananiita mwongo. Wakininyima ukaazi wa kudumu, mkataba wa kazi ukiisha nafukuzwa. Waambie si wangu! Si wangu!"

Unajua masikio yangu. Simu naifungulia sauti yote. Akai alikuwa hapo anakoroga uji. Aliipua sufuria, akawagawia wadogo zake, yeye hakunywa. Tangu siku hiyo hakuiti baba. Anasema "yule mtu wa Kanada".

Nimeenda Lodwar kwa wakili, kama ulivyotaka. Nilipanda lori, na barabara ile imenivunja kiuno. Wakili ni kijana wa Kitale, ana adabu, viatu vinang'aa kwenye vumbi lote lile. Alikuwa ameshaandika kwamba Ekiru hana watoto. Akanisogezea wino. "Weka kidole hapa, shosho."

Nikaficha kidole.

Nikamwambia aandike hivi: Ekiru hakuwazaa. Aliyewazaa ni ndugu yake, akafa. Ekiru ndiye anayewalea, na karo anatuma yeye. Akasema, "Shosho, ofisi zinapenda jibu fupi. Hili linaweza kumchelewesha, hata kumharibia." Nikamwambia wafupishe wenyewe, mimi nimesema yangu. Akacheka, akaandika, ndipo nikatoa kidole.

Karatasi imekwenda. Kama itakusaidia ama itakurudisha, sijui. Simu ya mtu yeyote ikilia nashtuka.

Usifikiri sitaki upate hayo makaratasi. Nataka! Hawa watu wa kuchimba mafuta wanazunguka huku na magari yao meupe wakitafuta mafundi wa kuchomelea, na majirani wananiambia nikuite. Sikuiti. Hiyo kazi ya huko umeitafuta kwa macho yako mwenyewe. Kaa huko mpaka uzeeke ukipenda. Lakini sitakununulia makaratasi kwa kuwatupa watoto hawa, hapana, hata ukinichukia.

Anayeniandikia ni Akai. Ndiyo, yeye. Kalamu ilisimama pale pa "si wangu". Nikamwambia andika, ndivyo alivyosema. Ameandika. Sasa ananiuliza kama mtu akiogopa sana anaweza kusema neno asilolitaka. Nimemwambia anaweza. Nimekutetea, mpumbavu wewe, kwa hivyo usinifanye mwongo.

Ukija, na makaratasi ama bila makaratasi, usianze kwangu. Kiti cha Ewoi nimekipaka mafuta, kiko ndani. Kakikalie, uwaite kwa majina, uanze na Akai. Asipoitika, usimgombeze. Kaa hapo hapo, umwite tena.

Ni mimi, Ata wako