Bangili Mbili za Baba

3 Machi

Binti yangu,

Salamu nyingi. Mimi baba yako nina miaka sabini na nane. Nimewazika ndugu zangu wanne, mabosi watatu, na yule daktari aliyesema sitashika randa tena. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia tu. Wa kushoto kiliuogopa, na ndio huu unaoandika.

Bangili zako za kupimia mikono nazivaa yote miwili, hata nikioga. Zinakwambia nini huko ofisini? Usipige simu. Inalia kama kuku anayetaga, nimeifungia kwenye sanduku la zana. Andika.

Baba yako, Fundi Randa

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Mama naye? Sisi wazima.

Nina habari njema! Kila mkono ukicheza, bangili yake inahesabu, kisha kompyuta inalinganisha mikono yote miwili. Mwanzoni wa kulia uliachwa mbali sana. Sasa pengo limekwisha kabisa. Modeli yetu ya kompyuta inasema unapona kuliko wagonjwa wote tunaowafuatilia. Wenzangu walipouona mstari wako kwenye grafu walipiga makofi.

Binti yako

2 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa kinyozi, wateja wote wakanipongeza. Basi vidonge vya presha nimevitupa. Mtu mzima wa afya ameze dawa ya nini? Mama yako kanuna, ati hana raha kunitazama nikila. Jana kikombe kiliniponyoka mkono wa kushoto. Ni sabuni hiyo. Msumeno nao umekuwa mzito; vyuma vya siku hizi ovyo.

Baba yako, aliyepona

9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Salamu nyingine baadaye; simu nimepiga, haipokelewi. Nimekosea. Niliangalia pengo, sikuangalia kila mkono peke yake. Wa kulia haujapanda, uko palepale. Wa kushoto ndio unaoshuka, wiki hadi wiki, kuufuata ule wa kulia. Nenda hospitali leo, baba. Vidonge umeze. Usinijibu, nenda tu. Mimi nakuja wiki hii.

Binti yako

12 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa mama yako. Mimi nasema, yeye anaandika. Wa kushoto haujakataa, nimeupumzisha. Juzi mliniponya, leo mnaniua; kaeni na kompyuta yenu mkubaliane. Hospitali siendi. Huamini kuwa mimi ni mzima? Shahidi ni mama yako.

Baba yako

Mimi mama yako. Ushahidi wangu ndio huu: jirani amekwenda kutafuta gari la kumpeleka hospitali, na maneno yote hapo juu nimeyaweka mimi, kwa kuwa namjua. Tangu asubuhi anasema, anasema, na silielewi hata neno moja.